Mwanangu, kabla hujanunua, angalia utakapouzia

Mwanangu Neema,

Hujambo mama. Ujumbe wako nimeupata. Unasema una akiba ya laki tano, wenzako kazini wananunua sarafu za meme, hizi za kidijitali zinazoanzishwa kwa mzaha wa mtandaoni, na mmoja amekuonyesha kwenye simu pochi yake ilivyopanda mara nane kwa siku tatu. Unauliza kama na wewe ujaribu. Sikukatazi. Ila muulize huyo mwenzako swali moja: ameshauza? Kama bado, alichokuonyesha ni bei, na bei si pesa.

Sarafu hizi nyingi hazina dalali wa kukutafutia mnunuzi. Unanunua na kuuza kwenye dimbwi la ukwasi, yaani programu iliyohifadhi vitu viwili: tokeni zenyewe, yaani vipande vya sarafu hiyo, na upande wa pili sarafu nyingine kubwa au dola za kidijitali kama USDT; hapa tuchukulie ni dola. Kanuni ya madimbwi mengi ni kwamba ukizidisha idadi ya tokeni kwa idadi ya dola, jibu halibadiliki. Shika kalamu. Dimbwi lina dola 10,000 na tokeni milioni 10, kwa hiyo bei ni dola 0.001. Kama tokeni zote zilizotengenezwa ni bilioni moja, skrini itaandika kwamba sarafu ina thamani ya soko ya dola milioni moja. Milioni hiyo haipo popote. Zilizopo ni zile 10,000 tu.

Sasa tuseme mtu ana tokeni milioni 10. Pochi inamwambia ana dola 10,000. Akiziuza zote kwa mpigo, dimbwi litakuwa na tokeni milioni 20, na ili jibu la kuzidisha libaki lilelile, dola lazima zishuke hadi 5,000. Kaondoka na nusu ya alichoandikiwa, na bei imebaki dola 0.00025, robo ya ilivyokuwa. Hapo hakuna wizi wowote, ni hesabu. Laki tano zako ni kama dola mia mbili, haziwezi kuliyumbisha dimbwi. Wanaoliyumbisha ni wenye pochi kubwa, nao wakishauza wewe unauzia kwenye robo iliyobaki.

Kwa hiyo ukifungua DEX Screener, tovuti inayoonyesha bei za sarafu hizi, grafu iache kwanza. Tazama ukwasi, yaani thamani ya vilivyomo dimbwini, kisha thamani ya soko. Ukwasi wa dola 10,000 chini ya thamani ya milioni moja, funga ukurasa. Mimi ningetaka kuona ukwasi wa dola laki moja kwenda juu, na bado hiyo si kinga, maana aliyeweka dola hizo dimbwini anaweza kuziondoa usiku mmoja kama hazikufungwa.

Ndiyo maana hatua ya pili ni kumjua mwenye mamlaka. Kwa sarafu zilizo kwenye mtandao wa Solana, nakili anwani ya mkataba, yaani namba ndefu ya utambulisho wa sarafu hiyo, uibandike RugCheck, tovuti ya kukagua sarafu. Usitafute kwa jina, kwa sababu majina hurudiwa na bandia hujaa. Angalia mambo manne: mamlaka ya kutengeneza tokeni mpya yamefutwa? Mamlaka ya kugandisha pochi za watu yamefutwa? Hati za ukwasi, zile zinazomruhusu aliyeweka dola dimbwini kuzitoa, zimechomwa (zimeharibiwa kabisa) au zimefungwa, na hadi lini? Pochi kumi kubwa, ukiacha dimbwi lenyewe, zinashika asilimia ngapi? Hilo la mwisho ndilo gumu, kwani mtu mmoja anaweza kugawa mzigo wake kwenye pochi hamsini, na orodha ikaonekana safi.

Kisha nunua kwa dola tano tu, na papo hapo jaribu kuuza nusu. Oktoba 2021 ilitoka sarafu ya SQUID. Ikapanda hadi zaidi ya dola 2,800, huku wengi wa walioinunua wakishindwa kuuza. Tarehe 1 Novemba waanzilishi wakachota pesa zilizokuwemo dimbwini, bei ikawa karibu na sifuri. Jaribio la kuuza lingewaokoa wengi. Lakini kama mwenye mkataba bado ana uwezo wa kubadili makato ya mauzo, jaribio la leo halikuhakikishii kesho.

Jina kubwa nalo lisikupumbaze. Sarafu ya LIBRA ilitangazwa na Rais Javier Milei wa Argentina tarehe 14 Februari 2025. Thamani yake ikapita dola bilioni nne, na ndani ya saa chache zaidi ya asilimia 90 ikawa imepotea.

Tumaini lipo, sitakuficha. Sarafu ya Dogecoin ilianza Desemba 2013 kama mzaha, na Mei 2021 ikavuka senti 70 za dola. Waliouza wakati huo walipata pesa ya kweli. Katikati ya Juni 2022 ilikuwa chini ya senti saba. Na kila mwaka huongezeka Dogecoin mpya kama bilioni tano, kwa hiyo bei isiposhuka ni kwa sababu wanunuzi wapya wamezimeza zote.

Ukiamua kuingia, tenga elfu hamsini, si zaidi, na usikope kwenye simu. Andika kabla ya kununua: ikifika mara mbili, nauza nusu. Hapo mtaji umerudi, kinachobaki ni faida tupu. Ile tofauti unayoiruhusu wakati wa kununua, kati ya bei uliyoiona na utakayolipa, iweke asilimia moja hadi tatu. Ukiweka 15, roboti zinaweza kuwahi kununua kabla yako, zikapandisha bei, kisha zikauza mgongoni mwako.

Faida haijaingia mpaka iwe shilingi. Unapotuma USDT, mtandao wa sarafu (kama Solana) wa kutoka na wa kupokea uwe mmoja. Unapomuuzia mtu moja kwa moja, jina la anayelipa lifanane na jina lake kwenye akaunti ya soko, na usiachie USDT kwa kuona SMS. Fungua salio lako uhakikishe. Yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi andika kwenye karatasi, usimpe mtu, hata akijiita msimamizi wa kundi.

Kumbuka pia Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba fedha hizi si halali kwa malipo hapa kwetu, kwa hiyo ukipigwa usitarajie ofisi ya kukurudishia.

Nitumie anwani ya mkataba wa hiyo sarafu ya mwenzako. Jumamosi nipigie, tuikague pamoja kabla hujaweka hata shilingi.

Mama yako