Treni ya bustani: mvuke au umeme?

SWALI: Shikamoo fundi. Nataka kutandika reli ndogo bustanini kwangu Jinja, watoto waone kazi aliyoifanya babu yao relini. Ninunue kichwa cha treni cha umeme au cha mvuke halisi? – Baba Wawili

JIBU: Marahaba, baba. Anza na betri iliyo ndani ya kichwa chenyewe, rimoti mkononi. Usipitishe umeme relini. Mimi nilijaribu hapa Entebbe: kila mvua ikinyesha, udongo mwekundu unarukia reli, majani ya mfenesi yananata juu yake, na kichwa kinashtuka-shtuka kisha kinazima. Kila asubuhi nilipiga magoti na kitambaa.

Mvuke ni mapenzi mengine kabisa. Unawasha gesi, unachutama, sindano ya geji ya presha inapanda polepole. Ukifungua mvuke, silinda zinatema maji ya moto kwanza, halafu magurudumu yanaanza. Harufu ya ile oili ya kulainisha silinda inabaki kwenye shati hadi jioni! Ila boila, tangi la kuchemshia maji, inaunguza vidole, na isikauke kamwe moto ukiwaka. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa. Ya kisima huacha ukoko ndani. Watoto wakikua kidogo, nunua kichwa cha mvuke.

Kwa hiyo chagua reli ya upana wa milimita 45, kona ziwe pana, vichwa vyote viwili vipite. Kwa kipimo cha 1:22.5, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 22.5, hiyo ndiyo reli yetu ya upana wa mita moja, ileile iliyofika Kampala mwaka 1931. Babu yao ataitambua.