Muulize Fundi wa Kinga: kadre kuukuu na barabara ya Kipushi

Barua zenu za hapa Lubumbashi naziweka kwenye kopo la rangi, chini ya meza ya kazi. Kiangazi kimefika, mvua zimekwisha, na kopo limejaa. Kila mtu sasa anakumbuka kwamba ana kinga, yaani baiskeli, ukutani. Leo nimechagua nne. Moja ni ya kunigombeza, na mwenye barua hiyo ana haki.

*Papa, jambo. Nimenunua kadre (fremu) ya chuma ya okazyo, iliyokwisha tumika, kutoka Ulaya kwa dola 40, nataka kuifanya kinga ya mashindano. Rafiki yangu amenipa gurudumu la nyuma lenye pinyo (gia za nyuma) nane, lakini haliingii, nafasi ni ndogo. Fundi mmoja hapa anasema atakata, atachomelea vipande ili apanue. Pia nataka kinga iwe nyepesi kabisa. Nianzie wapi?*
Kijana wa Katuba, miaka 19

Mwanangu, mwambie huyo fundi apoe kwanza. Moto wa kuchomelea usiguse kadre hiyo. Mabomba ya kadre ya mbio ni membamba, mengine hayafikii milimita moja. Ukiyapiga moto wa geti la nyumba, yanatoboka, au chuma kinakuwa kigumu pembeni mwa kiungo kisha kinapasuka siku unaposimama kwenye pedali.

Chukua rula upime nafasi ya ndani pale gurudumu la nyuma linapokaa. Kinga za mbio za zamani zenye pinyo tano zilikuwa na milimita 120. Za pinyo sita au saba, 126. Gurudumu lako la pinyo nane linataka 130. Ikiwa una 126, umebakiza milimita mbili kila upande, na chuma kinakubali kunyooshwa kikiwa baridi. Ninatumia chuma kirefu chenye nyuzi za skrubu, nati mbili na vipande vya mbao. Ninafungua nati kidogo, ninaacha, ninapima, ninarudia. Chuma kinarudi nyuma, kwa hiyo lazima ukipeleke zaidi ya unapotaka kifike. Ikiwa una 120, njia ipo lakini ni ndefu, na mimi ningekutafutia gurudumu jingine.

Ukimaliza, funga uzi upande mmoja wa nyuma, uzungushe mbele kwenye bomba la gido (usukani), uurudishe upande wa pili. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Namba zisipolingana, umevuta upande mmoja, na kinga itakuwa inakupeleka kwenye mfereji. Kisha hakikisha kile kiguu kinachoshika derayeri (kibadilisha gia) kimenyooka, la sivyo shene (mnyororo) itaruka pinyo usiku na mchana.

Na kabla ya yote hayo, weka sumaku kwenye kadre. Isiposhika, hiyo ni alumini. Alumini hainyooshwi. Uza, nunua nyingine.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Utataka kufungua vikombe vya pale manivela (mikono ya pedali) zinapozungukia. Kwenye kadre zenye nyuzi za skrubu za Kiingereza, kikombe cha kulia, upande wa shene, kinafunguka kinyume: unakizungusha kuelekea saa inakoenda. Kadre za Italia, na za zamani za Ufaransa kama Peugeot nyingi, pande zote mbili zinafunguka kwa njia ya kawaida. Mimi nilijifunza hilo kwa machozi. Kadre ya mteja, rangi ya samawati, nzuri kama sahani ya harusi. Nilitia bomba la mita moja kwenye ufunguo nikavuta, nikaita kijana wa jirani tukavuta wawili. Kumbe tulikuwa tunakaza. Nyuzi zililia, nikajua. Ile kadre nililipa, na mteja hakurudi tena hata kusalimia.

Kuhusu uzito: sheria za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, zinakataza kinga ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Yako itakuwa na kilo kumi au kumi na moja, na hilo lisikunyime usingizi. Sisi tunakaa kwenye nyanda ya mita kama 1,200, barabara zetu ni tambarare. Mahali kama hapa adui ni hewa. Ondoa madigadi, ondoa kikario cha mizigo, kisha inamisha mgongo na ubane viwiko. Pesa iliyobaki nunua mipira miwili mizuri ya nje. Rangi na stika ziwe za mwisho, ingawa ninajua utaanza nazo.

*Papa Fundi, mimi ni mama wa watoto wawili, naenda kazini Ruashi kwa kinga kila siku. Jumapili nataka kukimbia pamoja na kikundi cha wanaume wa mtaani kwetu. Wananicheka, hilo si kitu. Shida ni magoti, yanauma mbele, na kiti kinanichoma.*
Mama wa Kampemba

Mama, goti linalouma mbele mara nyingi linasema kiti kiko chini mno. Vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu kinene katikati ya mapaja ukipandishe mpaka kigome, kama umekikalia. Mtu apime kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 78, jibu ni karibu 69, na huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya manivela hadi juu ya kiti. Anza hapo. Ukiona nyonga zinayumba kushoto na kulia, umepita, shusha kidogo.

Kiti kinachochoma usikifunike sponji. Sponji inakandamizwa, inaingia mahali isipotakiwa, na baada ya saa moja ni mbaya kuliko mwanzo. Tafuta kiti kipana nyuma, mifupa ya kukalia ikae juu yake, na pua yake iwe sawa na ardhi au iiname kidogo sana. Kaptula ya baiskeli inavaliwa bila kitu ndani. Samahani kwa kulisema gazetini, lakini nusu ya malalamiko ninayopata yanaishia hapo.

Wanaokucheka waulize nani alishinda mbio za dunia za wanawake Kigali, tarehe 27 Septemba 2025. Alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, na asubuhi ile wachache sana walikuwa wanamtaja.

*Fundi, ulituandikia kwamba kutia vyuma vya betoni (nondo) kwenye kinga ni kubeba uzito wa bure. Wewe umewahi kusukuma makala (makaa) kutoka barabara ya Kasenga? Bila vile vyuma, foki (uma wa mbele) inavunjika siku ya kwanza.*
Msukuma makala

Umenikamata. Nilikuwa nawaandikia vijana wa mbio nikasahau kwamba kinga nyingi zaidi zinazoingia Lubumbashi alfajiri ni zenu. Nilisimama juzi kuangalia moja vizuri: chuma kimekwenda sambamba na foki pande zote mbili, kingine kimepita katikati ya kadre, nyuma kuna kitanda cha kubebea gunia, na mwenyewe ameongeza fimbo kwenye gido ili asukume akiwa pembeni. Pedali hakuna, za nini? Hapo hakuna kipande cha urembo. Nimefuta niliyosema. Ninaomba jambo moja tu, chomeleeni kwenye viungo, msichomelee katikati ya bomba.

*Papa, kila Jumapili tunashindana wenyewe hadi Kipushi na kurudi, kama kilomita 60. Kwenda niko nao vizuri. Kurudi wananiacha kila mara, karibu pale pale. Nina plato (gia ya mbele) ya meno 52 na pinyo ndogo ya 14, na ninaitumia toka mwanzo ili miguu izoee.*
Yule anayeachwa

Wewe una magonjwa mawili. La kwanza ni hilo la 14. Plato 52 na pinyo 14 vinakupeleka karibu mita 7.8 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ukizungusha mara 90 kwa dakika unakwenda kilomita 42 kwa saa, na nyinyi hamwendi 42, msinidanganye. Mkiwa kwenye 32, wewe unasaga pedali mara 68 tu kwa dakika, kila pigo ni zito, na kufika Kipushi mapaja yamekwisha. Weka pinyo ya 17 au 18, acha miguu izunguke. 14 ingoje siku upepo ukikusukuma.

La pili ni upepo wenyewe, na hili nadhani hakuna aliyekuambia. Kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Kipushi iko kusini-magharibi. Kwa hiyo mkienda, upepo unawapiga ubavu wa kushoto, na kivuli chake, mahali usipopigwa nao, kiko nyuma ya mwenzako, kuliani, ukingoni mwa barabara. Unakaa pale bila hofu. Mkirudi, upepo unatoka kulia, kivuli kinahamia kushoto, upande wa katikati ya barabara, malori yanakopita. Wenye roho ngumu wanajipanga huko, na wewe unabaki kulia, uso kwa uso na upepo, peke yako, ukidhani umechoka.

Mimi sitakuambia uwafuate. Nimezika rafiki kwa sababu ya lori, na Jumapili asubuhi madereva wengine hawajalala. Mkigeuza pale Kipushi, uwe wa pili au wa tatu kwenye mstari, usiwe wa kumi, kaa nyuma kabisa ya gurudumu la mwenzako, na uchukue zamu fupi fupi mbele. Kisha waambie kikundi chote kirudi kwa mstari mmoja. Wakikataa, ondokeni saa kumi na mbili kamili asubuhi, malori yakiwa bado machache.

Na shene yako uipime. Viungo kumi na viwili vikamilifu, kutoka pini hadi pini, ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikipita 306 iondoe, kabla haijala pinyo, na pinyo za kulingana ninazo pakiti mbili tu.