Zisome beringi kuukuu kabla hujapanda boti kufuata mpya

Gereji nyingi hapa Unguja, injini ikishafunguliwa tu, beringi kuukuu (vipande vya nusu duara vinavyokumbatia krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini) huishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Usikubali. Hizo ndizo zinazosema injini iliumwa na nini, na ukifunga mpya bila kujua, nazo zitakufa kwa maradhi yale yale.

Kila beringi iandike nambari mgongoni, ya juu na ya chini, uzipange juu ya boksi kama zilivyokaa ndani. Kepu, yaani vifuniko vinavyozikaza, zisichanganywe wala kugeuzwa.

Zifute, uzitazame juani. Beringi nzima ni ya kijivu kilichofifia. Ukiona shaba, tabaka la juu limeshakwisha. Kwenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ichunguze zaidi ya juu, maana ndiyo inayopokea kishindo cha moto. Kwenye meni, yaani beringi zinazoshika krenki kwenye bloku, ya chini. Shaba ikitokea sawasawa kwenye zote, injini imechoka au oili ilikuwa nyepesi. Ikilika mshazari, ya juu ukingo huu na ya chini ukingo wa pili, shuku konrodi iliyopinda, na hapo beringi mpya hazitasaidia kitu. Mistari ya kuzunguka ni mchanga. Vishimo vidogo vidogo vilivyolika ni dalili ya maji kwenye oili, basi kakague gasketi ya silinda hedi. Geuza na mgongo pia: ukiwa umesuguka wote, beringi ilikuwa inazunguka, na tundu la konrodi nalo lipimwe.

Sasa krenki. Pitisha ukucha kwenye shingo (sehemu inayokaa ndani ya beringi), ukikwama, itasagwa. Kisha mikrometa: kila shingo ipime kwa msalaba, halafu ncha hii na ile. Tofauti ikifika 0.02 mm usiifunge hivyo hivyo. Saizi za kusagia ni 0.25 mm, 0.50 mm na kuendelea, lakini hakikisha kwanza beringi za saizi hiyo zipo, na fundi wa mashine azione kwa macho yake kabla hajagusa krenki. Krenki ya 0.25 na beringi za 0.50 ni nauli ya pili ya kwenda Dar.

Nafasi ya oili kati ya beringi na shingo, kwa shingo ya milimita 50 huwa karibu 0.05 mm, ila kitabu cha injini ndicho chenye kauli. Ipime kwa plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya shingo na beringi: shingo iwe kavu, weka uzi, kaza kepu kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), usizungushe krenki hata kidogo, fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichokuja nao. Krenki ikibana usiguse beringi kwa msasa. Tafuta kinachobana.

Krenki iliyotoka kusagwa hubaki na vumbi la jiwe ndani ya matundu ya oili, na vumbi hilo huua beringi mpya siku ya kwanza. Pitisha brashi nyembamba yenye mafuta ya taa, puliza upepo, kisha pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, ifunike nailoni hapo hapo, hasa msimu wa kaskazi, upepo unapoingiza mchanga mpaka ndani ya gereji.