Juu inagandisha, chini vitu vinaoza: usikimbilie kujaza gesi

Mkuu, kama nimekuelewa vizuri, friji yako ni ya milango miwili, nofrosti, yaani isiyoota barafu ukutani. Juu kwenye friza nyama inaganda kama jiwe, chini maziwa yanachacha siku hiyohiyo, na fundi ameweka sikio kwenye mota akasema gesi imeisha, toa elfu 90. Subiri kwanza. Mimi si fundi, nauza barafu na juisi hapa Tabata, Dar, ila hela nilizoacha kwa mafundi wa friji zingetosha kununua nyingine.

Gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyochomelewa, na kama hakuna palipotoboka itazunguka miaka na miaka. Kwa hiyo fundi akisema imeisha, muulize imetokea wapi. Asipokuonyesha tundu, hata akijaza leo itatoka tena palepale. Mimi friji yangu ya kwanza, ile ya kuota barafu ukutani, niliitoboa kwa mkono wangu. Ilikuwa mkesha wa Idi, wateja wamejaa mlangoni, nikachukua kisu cha jikoni nibandue barafu haraka. Ikapiga fsssss kama tairi la baiskeli, nami nimesimama na kisu mkononi. Hivyo ndivyo gesi inavyoisha. Barafu ya ukutani unazima friji, unaweka sufuria ya maji ya moto ndani, unasubiri.

Yako ni habari nyingine, na ndiyo iliyonikuta kwa friji ya pili. Nofrosti nyingi zina koili moja tu ya baridi, yaani bomba la gesi lililokunjwakunjwa, imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki ndani ya friza. Feni inapuliza ile baridi, sehemu inabaki juu, sehemu inashuka chini kwa njia nyembamba. Koili ikishashika barafu, hita inawaka kwa muda, barafu inayeyuka, maji yanateremka hadi kwenye kisinia kilicho nyuma karibu na mota na kukauka hukohuko. Hita isipowaka, barafu inajaa hadi upepo unakosa pa kupita. Friza iko jirani na koili, kwa hiyo inaendelea kuganda. Chini hakufiki kitu.

Kipimo chake ni bure. Chomoa waya ukutani, toa vitu vyote, acha milango yote miwili wazi kwa saa 24, tandika matambara sakafuni. Kisha washa. Ikipoza vizuri chini kwa siku kadhaa halafu ugonjwa ukarudi, hiyo siyo gesi. Gesi iliyovuja haiponi kwa kuanikwa.

Na hapa ndipo nilipoliwa. Nilijaziwa gesi mara mbili, na mara zote mbili friji ikafanya kazi wiki nzima, hata nikamsifia fundi kwa majirani. Kumbe wakati anaihangaikia ilishinda imezimwa, milango wazi, barafu ikayeyuka yenyewe! Nililipia jua la Tabata.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja aliyeanza kwa kufungua skrubu nne za ule ukuta wa plastiki. Nyuma yake koili haionekani, ni barafu nyeupe tupu kama ukuta uliopigwa lipu, na mabawa ya feni yanaikwangua. Ule mlio wa kukwaruza niliousikia usiku nikadhani panya ndio huo. Akapima kwa mita ya umeme: hita nzima, waya mzima, kifyuzi cha joto kilichofungwa juu ya koili kimekufa. Kitu cha ukubwa wa haragwe. Nililipa elfu 15 pamoja na kazi. Ila angalia, fundi akitaka kuunga waya moja kwa moja bila hicho kifyuzi, kataa. Kazi yake ni kukata umeme hita ikizidi moto, na pale imezungukwa na plastiki.

Ikiwa kweli gesi imevuja, utaona koili imeshika barafu kipande cha mwanzo tu, kwingine pakavu, mota haipumziki, na nyuma au ubavuni mwa friji hakupati lile joto la kawaida. Hapo sawa, tafuta tundu, lizibwe, ndipo ijazwe. Soma kibandiko cha nyuma: kimeandikwa aina ya gesi na gramu zake. Kama ni R600a, hiyo inashika moto, asiwashe tochi ya kuchomelea kabla hajaitoa yote, na asikuwekee gesi nyingine kama R134a eti ndiyo aliyonayo.

Kama mota inagonga "ta!", inatulia dakika chache, inagonga tena, usiseme mota imekufa. Mara nyingi ni rilei, kile kidude cha kuiwashia mota, au umeme wa jioni umeshuka. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, izime dakika tano ndipo uwashe. Friji gadi, kile kifaa cha kuilinda friji na umeme mbovu, inakufanyia hilo bila wewe kuamka. Mlango nao, bana noti ya elfu ukiufunga, ukiivuta ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea au una uchafu. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Sasa yule ndugu mwingine, mwenye friji kubwa aliyoletewa na shemeji yake kutoka Muscat, anayesema kitengeneza barafu kinatoa vipande vidogo vyenye shimo katikati, au hakitoi kabisa. Umesema maji unavuta kutoka simtanki juu ya mnara wa mita tatu. Jibu liko hapo. Kila mita kumi za kimo zinakupa msukumo wa maji wa baa 1, hivyo wewe una 0.3, na mashine hizo nyingi zinataka kama baa 1.4 kwenda juu. Valvu ya kuingizia maji inafunguka kwa sekunde chache, maji yanaingia kidogo tu, basi. Weka pampu ndogo ya kusukuma. Kama ni maji ya kisima ya chumvi ya hapa Dar, usiyaunganishe, yataziba filta na valvu. Kagua pia ule mkono wa chuma pembeni, ukiwa umeinuliwa mashine inajua ndoo imejaa. Na friza ifike nyuzi 18 chini ya sifuri.

Mkuu wa kwanza, chomoa leo usiku, nyama peleka kwa jirani. Ukiwasha kesho, lete mrejesho imekaa siku ngapi.