Maswali na majibu: Kupunguza msimbo unaojirudia kwenye draiva za Linux

Init na exit (fanksheni za kuanza na kumaliza) za draiva yangu zinasajili na kuondoa draiva tu, basi. Kuna njia fupi?

Ipo. Futa fanksheni zote mbili, andika `module_platform_driver(draiva_yangu);`. Basi (njia ya kuunganisha vifaa) la I2C lina `module_i2c_driver`, la PCI lina `module_pci_driver`. Kama init inafanya jambo jingine lolote, makro hizi hazikufai.

Probe (fanksheni inayoandaa kifaa) imejaa lebo za goto za kusafisha kosa likitokea. Nikihamia devm (fanksheni ambazo rasilimali zake keneli huziachilia yenyewe), remove (inayoitwa draiva ikiachana na kifaa) niifute?

Mara nyingi ndiyo, ila usihamie nusunusu. Hapo ndipo wengi wanaumia. Keneli huita `remove` kwanza, ndipo huachilia vilivyochukuliwa kwa devm, ikianza na kilichochukuliwa mwisho. Chukua draiva iliyoomba interapti (ishara ya kifaa kuikatiza CPU) kwa `devm_request_irq`, lakini ndani ya `remove` inazima saa ya chipu kwa mkono kwa `clk_disable_unprepare`. Saa imeshazimwa, interapti bado hai. Ikipiga katikati hapo, draiva inasoma rejista za kifaa kisicho na saa, na kwenye bodi nyingi za ARM mashine inaganda au keneli inaanguka kwa kosa la basi.

Dawa ni `devm_clk_get_enabled` (keneli 6.0 kwenda mbele), iitwe kabla ya kuomba interapti. Kwa kitu kisicho na devm yake, kipo `devm_add_action_or_reset`, inayosajili fanksheni yako ya kusafisha. Tena, devm mahali pake ni probe: ukiita `devm_kzalloc` kila faili la kifaa linapofunguliwa, kumbukumbu hairudi mpaka kifaa kitengane na draiva.

Wakati wa kuwasha, dmesg (orodha ya ujumbe wa keneli) inalalamika saa haikupatikana, kisha kila kitu kinafanya kazi. Kulikoni?

Hiyo ni `-EPROBE_DEFER`: draiva ya saa haijawa tayari, keneli itajaribu tena baadaye. Badala ya if mbili na `dev_err`, andika:

`return dev_err_probe(dev, ret, "saa haikupatikana\n");`

Ipo tangu 5.9. Inarudisha kosa lenyewe, na kwa kosa hili haipigi kelele. Sababu utaikuta `/sys/kernel/debug/devices_deferred`.

Kihisio kidogo cha joto cha I2C kinahitaji regmap (maktaba ya keneli ya kusoma na kuandika rejista) kweli?

Ukiwa unabadilisha biti mojamoja, ndiyo: `regmap_update_bits` inasoma, inabadilisha na kuandika, kufuli ikiwa ndani yake. Jaza `reg_bits` (upana wa anwani), `val_bits` (upana wa thamani) na `max_register` (rejista ya mwisho). Ukiwasha kashe (nakala za thamani zilizohifadhiwa), taja rejista ya joto kwenye `volatile_reg` (rejista zinazobadilika zenyewe), la sivyo itasomwa kwenye chipu mara moja tu, na joto litabaki lilelile siku nzima.