Daktari, homoni na ARV zinapigana?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi nilizaliwa mwanamume lakini naishi kama mwanamke, niko hapa Mombasa na niko kwa ARV, zile TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu. Kile kituo cha drop-in nilichokuwa nachukulia dawa kilifungwa 2025 baada ya Marekani kukata misaada, sasa naambiwa niende CCC, ile klinik ya wanaoishi na virusi, ya hospitali ya serikali na kule naogopa kuitwa jina la kitambulisho mbele za watu. Halafu nameza homoni, vidonge vya kupanga uzazi nanunua kemisti, na shoga yangu ameniambia ati homoni na ARV zinapigana nichague moja, nimeshaanza kuruka ARV siku zingine. Nifanyeje? – Wa Kisauni

JIBU: Marahaba dadangu. Kuruka dawa acha leo leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Shoga yako hajakudanganya kabisa, ziko ARV kama efavirenz ambazo zaweza kushusha homoni mwilini, lakini dolutegravir iliyo ndani ya TLD haina ugomvi na estrojeni, ile homoni ya kike, meza tu. Ukirukaruka virusi vinakuwa sugu, na ukimeza sawasawa mpaka kipimo kisivione, humwambukizi mtu kwa ngono.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni hivyo vidonge vyenyewe. Vya kupanga uzazi vingi vina ethinylestradiol, aina ya estrojeni, hiyo inaongeza hatari ya damu kuganda, na najua mnavyofanya, mtu anameza viwili vitatu kwa mpigo ili matiti yatoke haraka, na kama unavuta sigara ndio basi tena. Inayofaa ni estradiol, uandikiwe na daktari anayekupima damu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana na pumzi zikakatika, kimbia kasualti usiku huohuo usingoje klinik.

Na kama kuna mtu amekupa spironolactone ya kushusha homoni za kiume, iseme, usifiche, kwa sababu inapandisha potasiamu, ile chumvi ya damu, na Septrin, antibayotiki, kama unaimeza nayo inapandisha, zikikutana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kwa hiyo uliza wakupime figo na potasiamu. Ukitumia dawa ya kiungulia au vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu, TLD imeze masaa 2 kabla yake au masaa 6 baadaye.

Kuhusu jina, CCC kila mtu ana namba yake. Siku ya kwanza mvute nesi pembeni umwombe uitwe kwa namba, au aandike juu ya faili jina unaloitwa. Ila usijiandikishe upya kwa jina jingine, rekodi zako za nyuma zitapotea uonekane kama mgonjwa mpya. Barua ya uhamisho kama hukupata, beba kadi yako ya klinik, na kama nayo huna beba hata chupa ya dawa. Wako wenzetu wana midomo, sikatai, lakini sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza mhudumu kutoa siri yako, na mmoja akikujibu vibaya una haki ya kuomba mwingine.

SWALI: Mimi ni trans mwanamume, yaani nilizaliwa mwanamke, naishi na virusi na nachoma testosterone, homoni ya kiume, hedhi ilishakata. Bado nahitaji kupimwa mlango wa kizazi? Naona aibu kukaa foleni na kina mama. – Nakuru

JIBU: Ndio kaka, maadamu mlango wa kizazi unao. Anayeishi na virusi hatari yake ya hiyo saratani iko juu kuliko wengine, na testosterone haikingi. Wala si kinga ya mimba, hata kama hedhi imekata. Testosterone hukausha kule chini ndio maana kupimwa kunauma, sasa uliza kama hospitali yako wana kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta hiyo saratani, cha kujichukulia mwenyewe, unapewa kijiti, unaingia chooni peke yako, ukimaliza unamrudishia nesi.