Umehamisha SSD na kompyuta haiwaki? Usifomati kwanza

Pole ndugu. Umesema umehamishia SSD yenye Windows kwenye kompyuta nyingine, diski kubwa ya zamani ukaiacha, na sasa unaambiwa hakuna diski ya kuwashia ingawa BIOS (mipangilio ya awali ya kompyuta kabla Windows haijawaka) inaiona SSD. Tafadhali usifomati chochote, mafaili yako huenda yako salama kabisa.

Ninachoshuku zaidi ni ile diski uliyoiacha. Windows ikisakinishwa diski mbili zikiwa zimechomekwa, inaweza kuweka sehemu ya EFI, ambayo ndiyo huanzisha mfumo, kwenye diski moja na Windows yenyewe kwenye nyingine. Ichomeke tena ujaribu. Ikiwaka, tatizo ni hilo: tenga sehemu ya EFI ya MB 100 hivi kwenye SSD, uwashe kwa flashi ya kusakinishia Windows, kisha uandike amri ya bcdboot, inayoweka mafaili ya kuwashia kwenye sehemu hiyo. Hakikisha herufi za diski kwa diskpart (amri ya Windows ya kusimamia diski) kabla ya kuandika, maana ukiwasha kwa flashi C inaweza kuwa diski nyingine.

Isipowaka, linganisha BIOS za mashine zote mbili: UEFI (njia mpya ya kuwasha) au Legacy (ya zamani), AHCI au RAID (namna kompyuta inavyowasiliana na diski). Diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa kugawa diski) kwa kawaida Windows yake haiwaki kwa UEFI pekee. Kama yako ni hiyo, washa CSM, yaani kipengele cha BIOS kinachoruhusu kuwasha kwa njia ya zamani, kama kipo.